Namna ya Kuchagua Kampuni ya Kuua Wadudu Nyumbani

Mtu anayetafuta kampuni ya kuua wadudu kwa kawaida huwa ameshachoka. Amenunua makopo ya dawa dukani, amemwagia kitanda maji ya moto, ametega panya usiku hadi usiku, na bado hali ni ile ile. Basi anapopata namba ya simu ya kampuni inayosema iko tayari kuja leo leo, anakubali bila kuuliza swali lolote. Uchovu huo unaeleweka kabisa, lakini ndio unaomfanya mtu amruhusu asiyemjua aingie katika chumba wanacholala watoto akiwa na bomba lenye kimiminika kisichojulikana jina. Mwongozo huu unahusu muda ulio kati ya kuamua kuita kampuni na kuifungulia mlango, kwa kuwa karibu mambo yote ya maana huamuliwa hapo.

Kampuni nzuri hujulikana kwa namna inavyoikagua nyumba kabla ya kugusa bomba la dawa. Hilo ndilo linalobeba maelezo mengine yote hapa chini. Dawa zinazoruhusiwa kutumika majumbani si nyingi sana, na kampuni zinazoshindana mara nyingi hutumia dawa za aina zile zile. Tofauti hutokana na fundi anayejua mdudu husika anajificha wapi, anakula nini na mayai yake huanguliwa baada ya muda gani, na kwa hiyo dawa iwekwe mahali gani na irudiwe lini.

Mjue mdudu kabla ya kupiga simu

Jitahidi kupata ushahidi. Mnase mdudu mmoja kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga, au mtie katika chupa safi yenye kifuniko, au mpige picha akiwa kando ya sarafu ili ukubwa wake uonekane, kisha andika ulimwona chumba gani na wakati gani. Wadudu wanaofanana machoni hushughulikiwa kwa njia tofauti kabisa. Mende wadogo wa rangi ya kahawia hafifu, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huishi na kuzaliana ndani ya nyumba, hasa jikoni, na jike mmoja hubeba mfuko wenye mayai 30 hadi 40 kwa mara moja. Mende wakubwa wenye wekundu wa kahawia aghalabu hupanda kutoka katika mifereji na mashimo ya maji machafu, na kwao kuziba matundu ya mabomba kunaweza kufaa kuliko lita nyingi za dawa. Vivyo hivyo, ukiona wadudu wenye mabawa wakitoka ukutani, mtazame mmoja kwa makini: kumbikumbi, ambaye ni mchwa, ana mabawa manne yanayolingana urefu, na kiwiliwili chake hakibanwi katikati, ilhali chungu mwenye mabawa ana kiuno chembamba na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Kosa la kuwachanganya wawili hao linaweza kumfanya mtu achimbiwe sakafu yote bila sababu, au aachwe bila msaada huku mbao za paa zikiliwa.

Kwa upande wa panya, tazama kinyesi. Kile cha panya wadogo wa ndani kina urefu wa takriban milimita 3 hadi 6, na cha panya wakubwa hufika milimita 12 hadi 20. Tofauti hiyo humwonyesha fundi atafute matundu ya ukubwa gani. Alama za kuumwa mwilini, kwa upande mwingine, hazitoshi kuthibitisha chochote. Mbu, viroboto, kunguni na hata mzio wa ngozi huacha vipele vinavyofanana, na kampuni inayotangaza kwamba una kunguni kwa kutazama mkono wako tu, bila kufunua godoro, imeshakuonyesha kiwango cha kazi yake.

Katika hatua hii inawezekana pia ukagundua kwamba huhitaji kampuni. Mstari wa sisimizi wanaofuata sukari iliyomwagika huondoka kwa kufuta njia yao na kuziba ufa wanaopitia. Kundi la nyuki lililotua darini ni kazi ya mfuga nyuki, naye anaweza kulihamisha likiwa hai. Lakini kwa kunguni, mchwa, mende wadogo waliokwisha kuenea na panya wanaorudi kila mara, msaada wa mtaalamu una thamani yake, kwa sababu jitihada za nusunusu huwatawanya hao vyumba vingine na kuifanya kazi iwe ngumu zaidi.

Ikiwa unaishi katika jengo lenye familia nyingi, zungumza kwanza na mwenye nyumba na majirani. Kunguni na mende hupita kwenye matundu ya nyaya na mabomba baina ya nyumba na nyumba, hivyo kutibu nyumba moja peke yake mara nyingi huwa ni kutupa fedha. Soma pia mkataba wako wa pango, kwani mara nyingine gharama hii ni ya mwenye nyumba na si ya mpangaji.

Leseni, bima na watu waliowahi kuhudumiwa

Katika nchi nyingi, kupuliza viuatilifu kwa malipo ni kazi inayohitaji kibali cha mamlaka ya serikali, na kibali hicho kina pande mbili ambazo watu huzichanganya. Upande mmoja ni leseni ya kampuni; upande mwingine ni cheti cha fundi atakayeingia nyumbani kwako. Kampuni inaweza kuwa na leseni safi ukutani ofisini, kisha ikakuletea kijana aliyeajiriwa juzi ambaye hajawahi kufundishwa kupima dawa. Omba namba za vyeti vyote viwili na uthibitishe kwa mamlaka yenyewe kwa simu au kupitia tovuti yake, usitosheke na nakala ya karatasi, kwa sababu nakala huendelea kuonyeshwa hata baada ya leseni kwisha muda au kufutwa.

Uliza pia kama kampuni ina bima inayolipa iwapo mali itaharibika au mtu atadhurika kutokana na kazi yake. Dawa inaweza kutia madoa vitambaa, kuharibu vyombo vya umeme au kuua samaki waliofugwa ndani, na uchimbaji wa matundu ya dawa ya mchwa unaweza kutoboa bomba la maji. Kampuni isiyo na bima ina maana kwamba hasara hizo zitakuwa mjadala kati yako na fundi asiye na uwezo wa kulipa.

Kuhusu wateja waliotangulia, ombi lenye faida ni la kuzungumza na mtu aliyehudumiwa miezi kadhaa iliyopita kwa tatizo kama lako. Aliyehudumiwa wiki iliyopita hawezi kukuambia mengi, kwa sababu karibu kila dawa hupunguza wadudu kwa siku za mwanzo. Unaposoma maoni mtandaoni, tafuta yanayoeleza kilichotokea wadudu waliporudi: je, kampuni ilipokea simu, ilirudi, ilibadili njia? Sifa za jumla za huduma nzuri na vijana wenye adabu hazina uzito mkubwa.

Ukaguzi

Hapa ndipo pa kukaa na kutazama kwa makini. Kampuni inayokutajia bei kamili kwa simu, kabla ya kuiona nyumba, haiwezi kuwa inajua itafanya nini. Inaweza kukupa makadirio ya awali, lakini mpango wa kazi hautoki kwenye simu. Sisitiza ukaguzi ufanyike kwanza, na uwepo unapofanyika. Baadhi ya kampuni hutoza ada ndogo kwa ziara hiyo na kuikata katika malipo ya mwisho, jambo ambalo naliona la haki, kwa sababu ukaguzi wa kweli ni kazi yenye jasho.

Fundi anayeijua kazi ya kunguni huja na tochi yenye mwanga mkali, bisibisi na kadi nyembamba au kijiti cha kuchokolea nyufa. Huondoa shuka polepole, hufuata mshono wa godoro kwa mwanga wa tochi kutoka pembe hadi pembe, huinua lebo ya kitambaa iliyoshonwa pembeni, kisha huligeuza godoro na kuchunguza mahali mbao za kitanda zinapoungana na matundu ya skrubu. Anatafuta kunguni wenyewe, ndiyo, lakini zaidi anatafuta madoa meusi madogo kama ncha ya kalamu, maganda ya rangi ya kaki waliyoyavua, na mayai meupe yenye urefu wa milimita moja hivi yaliyogandishwa katika nyufa. Akimaliza kitanda hugeukia kichwa cha kitanda, nyuma ya picha ukutani, mikunjo ya pazia, soketi za umeme na makochi ya sebuleni. Anayebonyeza godoro kwa kiganja, akatikisa kichwa na kusema "hapa wapo wengi", hajakagua.

Jikoni, mkaguzi mzuri wa mende huvuta droo hadi zitoke kabisa, huangalia bawaba za milango ya kabati, chini ya sinki, nyuma ya jiko, na hasa upande wa nyuma wa jokofu karibu na mota, mahali penye joto na unyevu. Huenda akaacha mitego ya gundi sehemu kadhaa kwa usiku mmoja au zaidi ili aone wapi wananaswa wengi. Pia atakuuliza umeshapuliza nini wewe mwenyewe, wapi na lini. Swali hilo ni dalili njema sana, kwa sababu dawa za kupulizia zinazofukuza wadudu hufanya mende wasisogelee chambo cha jeli, na fundi anayeweka jeli juu ya mabaki ya dawa uliyopuliza jana anapoteza jeli yake na fedha yako.

Kwa mchwa, atazunguka msingi wa nyumba nje na ndani akitafuta mirija ya udongo inayopanda ukutani, atagonga mbao kusikiliza mlio wa utupu, na atachoma fremu za milango kwa bisibisi. Huenda akavunja kipande cha mrija na kurudi baadaye kuangalia kama umejengwa upya, kwani huo ni uthibitisho kwamba mchwa wangali kazini. Kwa panya, anapaswa kupanda darini na kuzunguka nyumba nje. Panya mdogo hupita katika tundu la takriban milimita 6, na panya mkubwa hupita katika tundu la milimita 12 hivi, kwa hiyo mkaguzi asiyeinama kuangalia chini ya milango na mahali mabomba yanapoingia ukutani hataweza kukuambia wanaingilia wapi.

Baada ya ukaguzi, uombe maandishi. Ripoti si lazima iwe ndefu, ila itaje mdudu kwa jina, vyumba alivyoonekana, ushahidi uliopatikana, sababu zinazomvutia kama vile bomba linalovuja au taka zisizofunikwa, na mpango wa kazi. Kampuni ikisita kuandika kile ilichokwisha kukuambia kwa mdomo, tafuta nyingine.

Dawa itakayoletwa nyumbani

Uliza jina la bidhaa, kiambato amilifu chake, yaani kemikali yenyewe inayoua, na namba yake ya usajili. Jibu la kwamba dawa ni siri ya kampuni halikubaliki hata kidogo. Mtoto akianza kutapika usiku, daktari atahitaji kujua alichokutana nacho, na "dawa ya kunguni" haimsaidii. Omba nakala ya kibandiko cha bidhaa na karatasi ya taarifa za usalama. Karatasi hiyo, kwa muundo unaotumika kimataifa, huwa na sehemu 16 zinazoeleza hatari, huduma ya kwanza, vifaa vya kinga na namna ya kuhifadhi. Katika nchi nyingi chini ya kibandiko huwa na mstari wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, kwa kufuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani: nyekundu kwa sumu kali mno, njano kwa yenye hatari ya wastani, buluu kwa yenye hatari ndogo, na kijani kwa isiyotarajiwa kuleta madhara makubwa ikitumiwa inavyoelekezwa. Dawa yenye mstari mwekundu haina sababu ya kupulizwa chumbani.

Hakikisha kibandiko kinataja matumizi ya ndani ya nyumba. Dawa za mashambani ni rahisi kupatikana na huua kwa haraka, ndiyo maana wapulizaji wasio waaminifu huzimimina katika chupa za maji ya kunywa na kuzileta majumbani. Dawa iliyofika bila chombo chake cha asili na bila kibandiko isiingie ndani, hata kama fundi ameshavaa glavu na majirani wote wameshamlipa.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni vidonge vya fosfaidi ya alumini vinavyotumika kuhifadhi nafaka. Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya nyufa hadi chumba cha pili na nyumba ya jirani, huua binadamu, na haina dawa ya kuizima mwilini. Watoto wamepoteza maisha sehemu mbalimbali za dunia kwa sababu vidonge hivi vilitumika kuua kunguni au panya majumbani. Fundi akikuambia ataweka vidonge vya kijivu chini ya kitanda, afunge mlango na mrudi kesho, mzuie, na uwataarifu majirani pamoja na mamlaka husika.

Dawa nyingi za kupulizia majumbani leo ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga kemikali ya ua la pareto. Kwa binadamu mzima zina hatari ndogo zikitumiwa kwa kipimo, lakini permethrini, mojawapo ya dawa hizo, ni sumu kali kwa paka, na jamii nzima ni sumu kwa samaki; kwa hiyo fundi anapaswa kukuuliza kuhusu wanyama wako kabla hujamwambia. Vilevile anapaswa kuuliza kama kuna mjamzito, mtoto anayetambaa au mtu mwenye pumu. Madai kwamba dawa ni ya asili na kwa hiyo haina madhara yoyote yasikulaze usingizi: kila kinachoua kiumbe kina kipimo ambacho kikizidi humdhuru na kiumbe kingine.

Kwa mchwa, ziko kemikali za zamani ambazo bado hutajwa kwa sifa kwa sababu hudumu ardhini miaka mingi, miongoni mwao aldrini, dieldrini na klodeni. Hizo zimo katika orodha ya kemikali zilizolengwa kuondolewa duniani na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu kule kudumu kwake ndiko kunakoziingiza katika maji, chakula na miili ya watu. Ikiwa nyumba yako ina kisima karibu, mweleze fundi kabla udongo haujatibiwa, na utake aandike umbali uliopo na tahadhari atakazochukua.

Njia ya kazi

Kampuni inayotoa jibu moja kwa kila mdudu, yaani kupuliza nyumba nzima kwa moshi au ukungu wa dawa, haijakaa sawa na elimu ya sasa. Ukungu hutua juu ya sakafu, meza na vyombo, lakini hauingii vya kutosha ndani ya nyufa wanamojificha kunguni na mende, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wamejenga usugu dhidi ya pairethroidi. Wataalamu huzungumzia udhibiti jumuishi, ambao maana yake ni kuanza na kuziba, kusafisha, kukausha unyevu na kutega, kisha kutumia dawa kidogo mahali hasa inapohitajika. Sikiliza kama maneno ya fundi yana mambo hayo. Akizungumzia silikoni, saruji, wavu wa chuma, kubadilisha mpira wa chini ya mlango, kufyonza kunguni kwa mashine na kuosha matandiko kwa maji ya moto, uko na mtu wa kazi.

Mende wadogo hushughulikiwa vizuri kwa matone madogo ya chambo cha jeli yanayowekwa kwenye bawaba na nyufa, kwani huliwa na kubebwa hadi maficho. Kunguni wanaweza kuuawa kwa joto, ambapo mashine huchemsha hewa ya chumba mpaka vitu vyote, hata katikati ya godoro, vipite nyuzi 50 za Selsiasi. Uliza kampuni inapima joto hilo katika sehemu ngapi, kwa sababu pembe moja iliyobaki baridi inatosha kuwahifadhi. Zikitumika dawa, ziara moja haitoshi. Mayai ya kunguni huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi katika joto la kawaida, na dawa nyingi hazipenyi ganda lake, hivyo ziara ya pili baada ya takriban wiki mbili ni sehemu ya tiba yenyewe. Anayeahidi kumaliza kunguni kwa siku moja kwa dawa ya kupulizia, ama hamjui kunguni ama anamtafuta mteja.

Sumu za panya zinazozuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, nazo humdhuru mbwa, paka au bundi atakayemla panya aliyekufa. Zina tiba, yaani vitamini K1, lakini ni afadhali zisifike huko. Chambo chote kiwe ndani ya masanduku yanayofungwa kwa ufunguo na kufungwa imara mahali pake, na matundu yazibwe katika kazi hiyo hiyo. Ukilipia sumu peke yake, utailipia tena baada ya panya wengine kuingia kwa tundu lile lile.

Mkataba na bei

Mkataba utaje mdudu, vyumba, njia, majina ya dawa, idadi ya ziara na tarehe zake, maandalizi utakayofanya wewe, muda wa kukaa nje ya nyumba baada ya dawa, na masharti ya dhamana. Neno dhamana lisikutoshe likisimama peke yake. Uliza inadumu miezi mingapi, ni ushahidi gani utakaoifanya kampuni irudi bila malipo, na ni jambo gani litakaloifuta. Dhamana inayofutwa kwa sababu "usafi haukutosha", bila kueleza usafi gani, haina maana. Kwa mchwa ni jambo la kawaida kuwa na ukaguzi wa kila mwaka, lakini jihadhari na mkataba unaojihuisha wenyewe kila mwaka bila wewe kuulizwa.

Pata makadirio kutoka kwa kampuni tatu ikiwezekana, na ulinganishe ziara na njia, siyo jumla ya fedha tu. Bei ya chini sana mara nyingi hutokana na ziara moja tu, dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, au dawa ya shambani. Usilipe fedha zote kabla ya kazi. Acha sehemu ya malipo hadi ziara ya mwisho, na udai risiti. Anayebisha hodi akisema ana dawa iliyobaki kwa jirani na kwamba bei hiyo ni ya leo tu, mwage kwa heshima.

Siku ya kazi na baada yake

Fundi akifika, tazama kama amevaa glavu, barakoa inayofaa na miwani, na kama anapima dawa kwa kipimo kabla ya kuichanganya na maji. Asiyejilinda mwenyewe hatakulinda wewe. Chakula, vyombo na vitu vya watoto viwe vimeondolewa au kufunikwa, na tangi la samaki lifunikwe huku pampu yake ya hewa ikizimwa wakati wa kupuliza. Kabla hajaondoka, akuachie karatasi yenye tarehe, jina la dawa, kiasi alichotumia na sehemu alizoweka. Iweke karatasi hiyo mahali unapoweza kuifikia usiku.

Siku chache za mwanzo mende wanaweza kuonekana zaidi kuliko awali, hata mchana, wakiyumba; hiyo ni kawaida. Usioshe sehemu zilizowekwa jeli, na usipige deki kando ya kuta hadi muda uliotajwa na fundi upite. Usiongeze dawa yako ya kopo juu ya kazi yake. Ziache pale pale zile nyenzo za kupimia, yaani mitego ya gundi jikoni na mitego ya vikombe ya kunasa kunguni chini ya miguu ya kitanda, na uandike idadi ya walionaswa kila wiki.

Idadi hiyo ndiyo utakayoitumia katika ziara ya pili. Ikiwa imeshuka, kazi inaendelea vyema hata kama bado unaona mmoja mmoja. Ikiwa haijashuka, fundi akague upya na aeleze anachodhani: kuna maficho yaliyorukwa, wadudu ni sugu kwa dawa hiyo, au wanaingia upya kutoka kwa jirani. Kila sababu ina hatua yake, na kampuni inayojiheshimu hubadili njia bila kulazimishwa. Ikitaka kurudia dawa ile ile kwa namna ile ile kwa mara ya tatu, sitisha mkataba kwa maandishi, kisha mpe fundi wa kampuni inayofuata ripoti zote, hesabu zako za mitego na majina ya dawa zilizokwisha kutumika, ili aanzie pale mwenzake alipoishia.